Taa Imefika, Kuni Bado

Usiku, juu ya Isare au popote kwenye miteremko ya Mirwa, milima inayoipa Bujumbura mgongo, mtu huona mianga ya aina mbili. Wa kwanza ni wa mji. Rohero inang'aa, Ngagara na Kamenge zinafuata, na mara kwa mara mtaa mzima unazimika ghafla kama mtu aliyefumba jicho, kisha jirani yake unawaka. Mwanga wa pili uko mbele zaidi, juu ya maji: ni taa za wavuvi wa ndagala, zimetawanyika Ziwa Tanganyika hadi karibu na ng'ambo ya Kongo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za LED zinazotumia betri. Samaki hufuata mwanga, na mwezi ukishakuwa mpevu uvuvi husimama kwa siku kadhaa, kwa maana hakuna karabai wala LED inayoweza kushindana na mbalamwezi.

Akigeuka nyuma, upande wa milima, ni giza tupu.

Giza hilo lina watu tele. Kabla jua halijachomoza, wanawake wake huanza kushuka kwa miguu kuelekea sokoni, vikapu vya mihogo na maparachichi kichwani, watoto mgongoni. Saa hiyo hiyo wavuvi wanazima taa na kurudi ufukweni, na wanawake wengine wanawangojea na mabeseni. Ziwani kazi imegawanywa hivyo tangu enzi: kazi ya taa ni ya wanaume, kazi ya jua ni ya wanawake. Mwanamume huvua usiku, mwanamke hununua, huanika, hugeuza, hufungasha, huuza. Mgawanyo huo wa ufukweni unaeleza mengi kuhusu yale yanayotokea umeme unapopanda mlimani.

Katika kila Warundi kumi, takriban mmoja tu ndiye mwenye umeme nyumbani, na wengi wa hao wako Bujumbura na katika miji michache mingine. Vijijini, wanakoishi karibu tisa kati ya kila watu kumi wa nchi hii, waliounganishwa na gridi hawafiki asilimia 5. Kirundi huuita umeme umuyagankuba, upepo wa radi. Kiswahili nacho kilichukua jina mawinguni, maana umeme wa kwanza kujulikana ni ule unaotangulia ngurumo. Kwa wakazi wengi wa milimani, neno hilo bado halijapata maana yake ya pili.

Umaskini na vita vilivyoanza 1993 ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni namna Warundi wanavyokaa. Mrundi wa jadi hajengi kijijini. Anajenga rugo, boma lake mwenyewe katikati ya migomba na maharage yake, na jirani yuko ng'ambo ya bonde. Mlima mzima ndio mtaa, na kwa lugha ya utawala iliyorithiwa kwa Wabelgiji huitwa kolini. Nguzo ambazo Tanzania zingefuata barabara na kuhudumia nyumba zilizopangana pande mbili, hapa hulazimika kupanda, kushuka na kuvuka kijito ili kumfikia mteja mmoja atakayewasha balbu mbili. Matokeo yake ni kwamba nyaya kubwa hupita juu ya vichwa vya watu bila kusimama. Bwawa la Rwegura, kaskazini, linazalisha megawati 18 tangu 1986, na tangu wakati huo kuna wanawake waliolima chini ya nyaya zake hadi wakawa bibi, jioni wakirudi nyumbani kuwasha koroboi.

Miaka ya karibuni mambo yamesogea. Oktoba 2021 kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, mkoani Gitega, kilizinduliwa kikiwa na megawati 7.5; kwa nchi kubwa hicho ni kitu kidogo, lakini kwa Burundi kiliongeza uwezo wa taifa kwa zaidi ya asilimia 10. Rusumo, kwenye mto Kagera, ina megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania. Kusini, Jiji na Mulembwe ni miradi ya megawati 49.5 kwa pamoja. Miji iko mikononi mwa REGIDESO, shirika la maji na umeme. Vijiji vimekabidhiwa wakala wa ABER. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 100 kwa mradi wa SOLEIL, wa kupeleka umeme wa jua kwenye nyumba, shule na vituo vya afya vya vijijini, pamoja na majiko bora yanayokula kuni kidogo. Na kampuni ya Weza Power, iliyozaliwa kwa makubaliano ya serikali na Anzana Electric Group, imejipa kazi ya kusambaza nyaya hadi kwa mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuwa na mita.

Megawati hizo zote zitaingia kwenye kazi ya nani? Hilo ndilo swali ambalo hotuba za uzinduzi huliruka.

Mwanamke wa Mirwa huamka kabla ya mumewe na hulala baada yake. Kati ya hapo kuna jembe, maji, kuni, mtoto, soko, na maharage. Maharage yanastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa Warundi ni miongoni mwa watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani, na sufuria ya maharage makavu juu ya mafiga matatu inataka saa mbili hadi tatu na mtu wa kuchochea moto. Mtu huyo anajulikana bila kutajwa.

Sasa taa ndogo ya jua ikaingia katika nyumba hiyo. Faida zake hazina ubishi. Koroboi na moshi wake vinaondoka, mtoto anaona daftari lake, nyoka anaonekana kabla hajakanyagwa, na simu inachajiwa bila kupelekwa senta na kulipiwa. Lakini ukiitazama siku ya mama, taa haijamwondolea kazi hata moja. Kuni ziko mbali kama jana, na maji vilevile. Alichopata ni saa mbili za mwanga baada ya machweo, na saa hizo haraka sana hujaa kuchambua mchele, kushona, kukoboa mahindi, kupanga mzigo wa kesho. Zamani giza lilimwambia mama pumzika. Sasa halina sauti. Binti naye husoma chini ya taa, ndiyo, ila baada ya kuosha vyombo. Kaka yake alianza kusoma vyombo vikiwa bado mezani.

Kwenye senta, yaani njia panda yenye maduka na kituo cha pikipiki, umeme wa gridi huonyesha upendeleo wake mapema. Kwa kawaida kitu cha kwanza kupoa ni bia. Friji ya baa huja upesi kuliko kingine chochote, na Primus na Amstel za Brarudi, kiwanda kilichopo tangu 1955, huacha kunywewa vuguvugu. Kisha huja kinyozi na mashine yake, fundi wa kuchomelea milango, mwenye skrini ya mechi za Ulaya, kijana wa kuchaji simu. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ni kwamba mwenye mtaji kidogo, mwenye jina kwenye karatasi na mwenye jioni huru ni mwanamume, basi waya humfuata yeye kama maji yanavyofuata bonde.

Halafu siku moja huja mashine ya kusaga, na hapo hadithi hugeuka. Muhogo wa ugali wa Burundi huloweshwa, huanikwa, kisha ama hutwangwa kwenye kinu ama hupelekwa kwa mashine. Mashine ya dizeli ni jibu zuri siku ambayo dizeli ipo. Lakini miaka hii ya 2020 Burundi imekuwa ikipitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, magari yakipanga foleni za siku kadhaa, na mashine ya kijijini haiwezi kuwa ya kwanza kwenye foleni. Mashine ya umeme ikiwa karibu, mchi hukaa kitako. Safari ya nusu siku na gunia kichwani inakuwa ya nusu saa. Hapo ndipo mwanamke huhisi umeme mabegani na kiunoni, mahali ambapo balbu haimfikii.

Tofauti ya balbu na mashine ya kusaga ndiyo ufunguo. Taa hurefusha siku ya kazi. Kitu kinachosaga, kinachovuta maji au kinachopika huifupisha. Wakati mwingine hata waya hauhitajiki. Zamani wanawake wa pwani ya ziwa walianika ndagala mchangani, na samaki walichukua siku tatu kukauka, huku mvua, kuku na mchanga vikichukua fungu lao. Kuanzia 2004 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisaidia kueneza vichanja vya nyavu za waya vilivyoinuliwa karibu mita moja kutoka chini. Muda ukashuka hadi saa nane hivi, samaki wakawa safi, bei ikapanda. Kilichobadilisha siku ya mama hapo ni waya wa wavu na miti michache, kwa sababu kililenga ile ile kazi iliyokuwa ikimla muda.

Kwa Waswahili wa pwani kuna mfano uliochunguzwa kwa subira kuliko mwingine wowote. Tanja Winther, mwanaanthropolojia wa Norway, aliishi Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani upande wa mashariki wa Unguja, ambako umeme ulikuwa umefika karibu na 1990 kwa msaada wa nchi yake. Kitabu chake kuhusu kijiji hicho kilitoka 2008. Alikuta umeme umependwa na kila mtu, wanawake wakiwa mbele, hasa kwa vile ulileta maji ya bomba na kuwapunguzia safari za kisimani. Alikuta televisheni imekusanya majirani, wake kwa waume, katika sebule moja usiku, jambo ambalo awali halikuwa la kawaida. Jikoni, hata hivyo, moto ulibaki wa kuni. Jiko la umeme lilionekana ghali na la hatari, na watu walisema chakula chake hakina ladha.

Jambo jingine alilolieleza Winther linagusa mbali zaidi ya Uroa. Nyumba kule hujengwa na mume, hivyo waya, mita na vyombo vya umeme navyo huwa vyake. Talaka ikitoka, mke hubeba vyake na kuondoka. Kitu kilichochomekwa ukutani hakimo katika vyake. Mwanamke mwenye akili ya maisha huweka akiba yake katika kitu kinachobebeka. Friji haimo katika hesabu hiyo, hata kama barafu na juisi vingemwingizia pesa kila siku ya Mungu.

Burundi si ya Kiislamu kwa wingi wake, mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura na mji wa Rumonge vikiwekwa kando, lakini hesabu inatoka vilevile. Sheria ya watu na familia ya 1993 inamtambua mume kuwa mkuu wa nyumba. Sheria ya urithi haijatungwa, hivyo ardhi inafuata mila, na mila humpa mtoto wa kiume. Binti anaweza kupewa igiseke, kipande cha shamba ambacho ukoo humwachia atumie, na kutumia ni mbali na kumiliki. Ombi la kuunganishwa umeme linataka nyumba, na nyumba inataka kiwanja, na kiwanja kina jina. Mjini mita ya kulipia kabla huitwa Cash Power, ndugu wa LUKU ya Tanzania, na nambari zake siku hizi hununuliwa kwa Lumicash kwenye simu. Vijijini simu ya nyumba kwa kawaida hukaa mfukoni mwa baba. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ndani ya nyumba yenye umeme, uniti zimeisha, pasi imepoa, na ufunguo wa kuurudisha uko baa.

Watafiti wamejaribu kupima mambo haya kwa hesabu, na majibu yao yanapingana kwa namna yenye faida. Afrika Kusini, baada ya 1994, shirika la umeme la Eskom lilipeleka umeme vijijini kwa kasi kubwa. Mchumi Taryn Dinkelman alichunguza KwaZulu-Natal kwa njia ya werevu: kwa kuwa sehemu zenye mwinuko mkali ni ghali kuziwekea nguzo, alilinganisha jamii za miteremko na za tambarare zinazofanana kwa mengine. Katika matokeo aliyochapisha 2011, ajira ya wanawake iliongezeka kwa asilimia 9 hadi 9.5 ya wanawake wote palipofika umeme, na matumizi ya kuni za kupikia yalipungua. Mama aliyetua mzigo wa kuni alipata muda wa kutafuta kibarua. Mshahara wa mwanamke, hata hivyo, haukupanda. Mwenyeji wa Mirwa angemweleza Dinkelman habari za mwinuko na nguzo bila haja ya takwimu.

Magharibi mwa Kenya, jibu lilikuwa baridi. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walizifuatilia jamii 150 za Busia na Siaya wakati ambapo kuunganishwa kuligharimu shilingi 35,000, karibu dola 398. Walipopewa bure, karibu wote walikubali. Walipopewa kwa nusu bei hivi, ni takriban robo tu waliolipa. Na baada ya mwaka mmoja na nusu, maisha ya waliounganishwa hayakuwa tofauti sana na ya wasiounganishwa, kwa kipato wala kwa afya. Kuna walioisoma taarifa hiyo wakasema umeme wa vijijini ni pesa iliyotupwa. Usomaji huo una haraka mno. Watu wale walipata balbu na chaja ya simu na hawakuwa na fedha ya kununua kingine. Walibaki na kuni zao na madumu yao ya maji. Kijiji cha Wazulu chenye jiko la umeme na nyumba ya Busia yenye balbu moja haviwezi kutoa jibu moja.

Kuna mahali pamoja ambapo balbu peke yake inatosha kubadilisha kila kitu, napo ni chumba cha kujifungulia.

Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Wanawake ambao awali wangezalia nyumbani wakaanza kushuka milimani kuja kituoni, na mimba haina adabu ya kungoja asubuhi. Walikuta mkunga, walikuta kitanda, na mara nyingi walikuta giza. Kushona mchaniko kwa mwanga wa simu iliyobanwa kati ya shavu na bega ni ufundi ambao wauguzi wengi wa vijijini wa Afrika Mashariki wanaujua na hawajivunii. Jenereta ilikuwepo kwa jina. Mafuta yake yalikuwa hadithi nyingine. Ndiyo maana vituo vya afya vimewekwa mbele katika mradi wa SOLEIL. Paneli chache juu ya bati na betri iliyofungiwa kabatini humpa mkunga mikono miwili, na friji ya chanjo inalala ikiwa baridi. Katika mjadala wote wa umeme na wanawake, hakuna uwekezaji wenye faida iliyo wazi kuliko huo, na haungoji nguzo ifike.

Jikoni ndiko kugumu. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumika Burundi inatoka kwenye kuni na makaa. Mjini ni makaa, yanayoitwa makala, juu ya mbabula. Milimani ni kuni. Hata nyumba ya Bujumbura yenye mita, friji na televisheni ya ukutani huwa na gunia la makala kibarazani, na mwenye nyumba haoni ajabu, kwani umeme ni wa kuonea na makala ni ya kupikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Wanaouvuta zaidi ni wale wanaokaa karibu na sufuria, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Hata hivyo maharage yenyewe yamepata mshindani. Sufuria ya umeme ya presha, ile inayofungwa kifuniko na kuachwa, hulainisha maharage kwa takriban saa moja na kutumia umeme kidogo, kwa kuwa ina joto lililofungiwa ndani. Nchini Kenya na Tanzania mpango wa utafiti wa MECS, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, umekuwa ukiipima kwa vyakula vya kwetu, makande na maharage vikiwemo. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Tanzania inaweza kusema hivyo kwa sababu nguzo zimekwisha kutangulia: wakala wake wa nishati vijijini, REA, ulianza kazi 2007, na vijiji vyake 12,318 vimefikiwa na gridi. Kufikiwa kwa kijiji si kufikiwa kwa kila nyumba, kila Mtanzania anajua. Lakini mama wa kijiji hicho anaweza walau kubishana na mumewe kuhusu kununua sufuria. Mama wa Isare hana hata ubishi huo wa kuanzisha.

Kungoja nguzo hakujawa kukaa bure. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la misaada la CARE lilivieneza Burundi kwa jina la Nawe Nuze, vimewapa wanawake wengi pesa ya kwanza ambayo haikupita mkononi mwa mume. UNICEF ikavitumia vikundi vya aina hiyo katika muongo wa 2010 kueneza taa ndogo za LED zinazochajiwa kwa mashine ya pedali. Kikundi kinamiliki mashine, wanachama wanakanyaga, majirani wanalipa kidogo kuchaji, faida inaingia sandukuni. Zanzibar wamefika mbali zaidi. Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, kuna chuo cha Barefoot College kinachowafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima wasiosoma sana, kufunga na kutengeneza mitambo ya jua. Wa kwanza walipelekwa Tilonia, India, miezi sita mbali na nyumbani, na baadhi ya waume walihitaji kubembelezwa sana. Waliporudi, mtu aliyekuwa na taa mbovu alilazimika kumfuata bibi mwenye bisibisi. Kijijini mtu hupata cheo siku watu wanapomhitaji.

Asije msomaji wa Bujumbura akadhani hizi ni habari za milimani. Maji ya mji huu mengi huvutwa kutoka ziwani kwa pampu, na pampu hula umeme. Mgao ukiwa mkali, bomba hukauka, na mitaani Kinama na Cibitoke madumu ya njano hutoka na wasichana nyuma yake, kilomita chache kutoka ziwa la pili kwa kina duniani. Mwenye saluni hungoja na mteja aliyefungwa taulo kichwani. Muuza samaki huhesabu saa za friji yake. Umeme ukirudi saa sita usiku, nyumba nzima hulala isipokuwa mmoja, anayepiga pasi sare za shule na kujaza ndoo kabla haujaondoka tena. Umeme wa mgao una ratiba yake, na ratiba hiyo imekuwa zamu ya ziada kwa mwanamke.

Kirundi kina neno jingine la nuru, umuco, na Burundi ina wanaume waliojipa jina kutokana nalo. Abatangamuco, wanaotoa nuru, ni vuguvugu lililoanza mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa CARE. Hawana paneli wala nguzo. Mwanamume husimama mbele ya majirani zake, wakati mwingine kwa mchezo wa kuigiza, akasema waziwazi aliyoyafanya: alivyompiga mkewe, alivyouza mavuno akayanywa, alivyoona kuchota maji ni aibu kwa mwenye ndevu. Kisha anasema anavyoishi sasa, na mke husimama kuthibitisha au kusahihisha. Wapo wanaochekwa. Mwanamume mwenye dumu la maji begani ni kichekesho cha bure kwenye kolini, na wengine hunong'ona kwamba amelishwa kitu. Lakini vikundi vimeenea mikoani, na wanaopanga miradi ya umeme wangefaidika kukaa nao kabla ya kuandika orodha ya wanaostahili mita.

Mikutano hiyo haina taa za jukwaa, kwa hiyo huwahi kumalizika. Usemi ukirefuka mno, giza hushuka na msemaji hubaki sauti tu. Basi alasiri, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, watu hukung'uta nguo na kutawanyika kwenye vijia, na wanawake hutangulia kwa hatua za haraka, maana maharage yanataka saa tatu.